Mwongozo kwa Anayetaka Kurusha Umeme Hewani

Ukishaamua kurusha umeme bila waya, usikimbilie bisibisi. Tafuta tajiri. Nikola Tesla alimpata J. P. Morgan, aliyekubali kutoa dola 150,000 mwaka 1901. Ila chunga ulimi wako. Tesla alimpa habari za kupeleka ujumbe ng'ambo ya Atlantiki. Hii ya kuigawia dunia nguvu za umeme akaja kuitoboa baadaye, mfuko umekauka, akiomba nyongeza. Morgan akakataa.

Mnara huukwepi. Wake ulisimama Shoreham, Long Island, kimo cha mita 57 hivi, na kofia kama ya uyoga. Asiyejua atakodolea macho kofia. Anayejua atauliza ya chini, kwenye vyuma vilivyozamishwa ardhini, maana Tesla aliamini dunia yenyewe ndiyo waya.

Wala usiwacheke wanaorusha kidogo. Desemba 1901, mnara ndiyo kwanza unajengwa, Marconi alitangaza kwamba amenasa Newfoundland nukta tatu zilizorushwa kutoka Uingereza, kwa waya ulioning'inizwa kwenye tiara. Nukta tatu tu! Lakini ujumbe huridhika na chembe, ukisikika, umefika. Pasi haina adabu hiyo. Na hewa ni mchukuzi mwenye mikono inayovuja: mawimbi yakiachwa yasambae, umbali ukizidi mara mbili hufika robo, ukizidi mara kumi, sehemu moja ya mia. Mwaka 2007 watafiti wa MIT waliwasha taa ya wati 60 kutoka mita 2, tena kwa ustadi mkubwa, na kilichofika kilikuwa asilimia 40 hivi. Yaani katika kila uniti kumi ulizolipia, sita zimekupungia mkono njiani.

Chagua pia hoteli yenye subira. Tesla aliishi Waldorf-Astoria, bili zikapandana, hata eneo la mnara likaenda kufidia deni. Mwaka 1917 mnara ukabomolewa, ukawa chuma chakavu.

Ukiona makubwa haya yanakushinda, nunua kisahani cha kuchajia simu, kile kisichotaka kuchomeka kitu. Mimi ninacho. Juzi niliilaza simu pembeni kidogo, upana wa vidole viwili tu, nikalala. Asubuhi nikaikuta na asilimia sita. Sasa nimeichorea alama kwa kalamu. Kisahani chenyewe kimechomekwa ukutani, na waya wake haufiki kitandani.