Mimi Ndiye Ofisi

Stendi ya mabasi ya mikoani ilipohama Ubungo kwenda Mbezi Luis, habari zilifika kwetu Itumba, wilayani Ileje, kwa vipande. Kipande cha kwanza kilisema stendi imehama. Cha pili, kilicholetwa na mtu aliyetoka Vwawa, kikasema stendi ipo palepale, yaliyohama ni mabasi. Cha tatu kilishuka na Noah ya jioni kutoka Mpemba: mabasi yamehama kweli, ila tiketi zimebaki Ubungo. Ubishi ukawa mkubwa kilabuni. Kumbe wote watatu walikuwa na haki.

Serikali yenyewe ilikuwa na maelezo yaliyonyooka. Februari 24, 2021 Rais Magufuli alizindua stendi mpya ya Mbezi Luis, iliyopewa jina lake, na siku hiyohiyo akazindua barabara za juu pale Ubungo, zilizopewa jina la Balozi Kijazi. Kwa hiyo Ubungo ilipata njia ya kupunguza foleni wakati uleule wa kupokonywa mabasi. Sisi wa Ileje hatukuwa na neno na barabara za juu. Shida yetu ilikuwa dirisha.

Maana mtu wa Itumba akirudi kutoka Dar es Salaam haulizwi kama aliiona bahari. Anaulizwa alikatia tiketi kwa nani. Kila ukoo ulikuwa na dirisha lake pale Ubungo, na nyuma ya dirisha alikaa mtu anayejua kwamba ukisema "nyumbani" unamaanisha Tunduma. Baba yangu mdogo alikuwa na dirisha la mama mmoja aliyemtunzia siti ya nyuma ya dereva kama anavyomtunzia mwanawe kiporo. Kumwambia baba mdogo kwamba mama yule sasa yuko Mbezi, ghorofani, miongoni mwa vioo vinavyofanana, ilikuwa sawa na kumletea taarifa ya msiba.

Siku hizo alikuwa Dar kwa harusi, na ukoo ulinituma nikamrudishe. Tulifikia Kimara. Aliyepita Barabara ya Morogoro anajua maana yake: ukitoka Kimara, Mbezi iko upande wa kwendea nyumbani, Ubungo iko upande wa kurudi mjini. Baba mdogo akachagua Ubungo.

"Tiketi haikatwi porini," alisema, akimaanisha Mbezi.

Ubungo tulikuta uzio na ukimya ambao mahali pale hapakuuzoea. Kabla baba mdogo hajamaliza kusikitika, kijana mmoja alitokea na kitabu cha tiketi kwapani.

"Shikamoo mzee. Tunduma?"

"Marahaba. Ofisi iko wapi, mwanangu?"

"Imehama."

"Imehamia wapi?"

"Mzee, mimi ndiye ofisi."

Nilitegemea baba mdogo akasirike. Wapi! Uso ulimkunjuka. Kumbe alichokuwa akikitafuta hakikuwa jengo, alitaka mtu wa kumweleza mambo yake. Akaeleza kwamba anataka dirishani, nyuma ya dereva, upande ambao jua halitampiga kabla ya Ruaha Mbuyuni. Kijana akamsikiliza hadi mwisho, akaandika, akachana karatasi. Kitabu alikiegemeza mgongoni mwangu, hivyo kwa muda ule ofisi ilikuwa na meza pia.

London nako, nasikia, madirisha karibu yote ya tiketi za treni za chini ya ardhi yalifungwa kufikia mwisho wa 2015, kazi ikaachiwa mashine. Sina ugomvi na mashine. Ila sidhani kama kuna mashine ingemvumilia baba mdogo kwenye suala la jua.

Alfajiri, Mbezi. Enzi hizo mabasi hayakusafiri usiku, kwa hiyo aliyekuwa na zaidi ya kilomita 900 mbele yake aliamka na majogoo. Basi lilikuwepo, tiketi ilikubalika, na siti ilikuwepo kweli, dirishani, nyuma ya dereva. Tatizo, ndani yake alikaa kijana wa miaka ishirini na kitu, masikioni ana spika, mkononi ana tiketi ya siti ileile aliyokata hapohapo Mbezi.

Konda alizitazama tiketi zote mbili, akazigeuza, akatazama dari. Kisha akatoa hukumu ya kiutu uzima: mkubwa akae. Baba mdogo tayari alikuwa ameshusha begi. Lakini mtu wa Ileje hakai jirani na mtu bila kumuuliza kwao, na hapo ndipo alipojiponza. Kijana alikuwa wa Isongole, karibu kabisa na kwetu. Akaulizwa baba yake nani. Akaulizwa babu yake nani. Kila jibu lilivyotoka, baba mdogo alizidi kunywea, mpaka ikabainika mbele ya basi zima kwamba kwa hesabu za ukoo kijana yule ni mdogo wake marehemu babu yangu. Yaani ni baba yake.

"Sasa mkubwa ni nani?" konda akauliza.

Baba mdogo akakaa kiti kilichobaki nyuma kabisa, juani, hadi Tunduma. Chalinze "baba" yake alimnunulia korosho. Alizipokea kwa mikono miwili.

Mambo yamebadilika tangu hapo. LATRA wanasimamia tiketi mtandao, mabasi ya usiku yamerudi tangu Oktoba 2023, na pale ilipokuwa stendi ya Ubungo pamejengwa kituo kikubwa cha biashara chenye maduka yasiyohesabika. Kule Itumba wajukuu wanamkatia baba mdogo tiketi kwenye simu, naye anawaacha wamalize, halafu anapiga namba aliyoihifadhi kwa jina la "Ofisi" ili kuhakikisha.

Majuzi Ofisi ilipokea, ikamwamkia vizuri, ikamweleza kwamba tiketi iliacha zamani. Siku hizi inauza masufuria palepale Ubungo, na kwa mzee kama yeye kuna punguzo. Baba mdogo akaagiza mawili, akasisitiza yasafiri nyuma ya dereva, upande usio na jua.