Gofu ya Malishoni

Mkoa wa Mara una dhahabu, nyumbu na nyama choma, lakini huku kwetu Tarime mwenye hamu ya gofu atajijua mwenyewe. Kiwanja kimoja chenye historia kisicho mbali sana nasi kiko ng'ambo ya mpaka wa Sirari, Kisumu. Huko Nyanza Club, enzi za ukoloni, waliweka kanuni kwamba mpira ukitua karibu mno na kiboko au mamba, mchezaji adondoshe mwingine mahali salama, bila adhabu.

Baba mdogo, mwanajeshi mstaafu aliyeambukizwa gofu Lugalo, Dar es Salaam, hakutaka kuvuka mpaka. Alirudi kijijini na fimbo saba za kale alizonunua mnadani, mipini ya hickory, mti mgumu wa Amerika Kaskazini, na mishikio ya ngozi. Fimbo hizo hazina namba; zina majina, kama mashie na niblick. Mwanagofu Bobby Jones alinyakua mataji makubwa manne kwa mipini ya mti mwaka 1930, wakati ya chuma ilikwisharuhusiwa. Baba mdogo humwita Bobby tu, utadhani walilala kambi moja.

Kiwanja chetu kikawa malisho ya kijiji. Wazee walipohoji, akawaambia kwamba hata St Andrews kule Uskochi nyasi zilikuwa zikikatwa kwa meno ya kondoo, basi ng'ombe wetu wanafanya kazi halali.

Kiangazi kikatuumbua. Mti ukikauka hunywea, na kichwa cha fimbo huanza kucheza. Dawa yake ni mafuta ya kitani, ambayo sokoni hayakuwepo, basi baba mdogo akaamuru tupake samli. Usiku panya wakatafuna mishikio miwili, na mbwa wa jirani akaondoka na wa tatu.

Kesho yake nikapiga kwa nguvu zangu zote. Mpira ukabaki palepale, kichwa cha fimbo kikaruka na kutua mbele ya fahali. Fahali akakinusa, kisha akanyanyua macho kunitafuta. Mchunga mmoja akauliza kwa upole, "Anko, hapo unafuata kipi, mpira au chuma?" Nilifuata mti wa karibu.

Fundi seremala ninayemwamini ni baba mkwe, naye yuko Mugumu. Nikafunga fimbo kwa kamba, nikapanda gari. Konda akazikagua: "Mura, huko mnagombea nini?" Nikasema ni za gofu. Abiria wakanyamaza hadi Nyamongo.

Kwa mkwe ikawa balaa. Nilikuwa bado nadaiwa ng'ombe wa mahari, halafu naingia uani na mzigo wa fimbo zenye vyuma! Shemeji zangu wakasimama wote. Chai ililetwa baada ya maelezo marefu. Mzee akagonga kabari, akakaza vichwa, akapapasa mpini. "Mti mzuri sana, mkwe wangu," akasema. "Ungetiwa jembe ungelima."

Sasa nasi tuna kanuni zetu. Mpira ukizama kwenye kinyesi kibichi, dondosha mwingine bila adhabu. Ukimgonga ng'ombe wa mtu, mchezo umekwisha na kikao kimeanza. Nawe msomaji, ukipita malishoni kwetu ukaokota kiyai cheupe kigumu, tafadhali usikichemshe. Turudishie, tumebakiwa na kimoja.