Mbuzi Aliyekula Krismasi ya Korti ya Tatu

Kikao cha wakazi wa mtaa kilikuwa kimekwisha. Chai ilishanywewa, mandazi yalibaki mawili ambayo kila mtu aliyaangalia kwa adabu bila kuyagusa, na mwenyekiti alikuwa ameuliza kama kuna mengineyo. Hapo ndipo jirani yangu, aliyekuwa ametoka Marekani mwaka huo, akainua mkono. Kule, alisema, watu hukusanya miti ya Krismasi ukumbini, kila kikundi kikapamba wake. Watazamaji hulipa kiingilio, kisha miti hupigwa mnada na pesa zikaenda kwa wenye shida. Kukawa kimya. Mdomo wangu, ambao haunishauri kabla ya kufunguka, ukasema, "Hiyo si ngumu."

Hapa Membley, ukisema jambo si ngumu, umeshajichagua kuwa katibu.

Ilikuwa mwisho wa Novemba 2023, na lengo letu lilikuwa kuwanunulia magodoro watoto wa makao fulani huku Ruiru. Magodoro 30. Hakuna aliyepinga magodoro. Waliopinga walipinga miti, na walikuwa na hoja, kwa sababu tarehe 13 mwezi huohuo serikali ilikuwa imetupa sikukuu nzima ya kupanda miti, eti tufikishe bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Sisi nasi tulitoka na majembe, tukapanda miche arubaini ya mukima kando ya barabara, na kwa kila mche tukapiga picha zisizopungua sita. Mwalimu mmoja mstaafu akauliza, polepole kama anayesahihisha mtihani: "Yaani wiki mbili baada ya kupanda, tunazunguka na panga?"

Wakili wa Korti ya Tano, maana mtaa wetu umegawanywa kwa korti za nyumba, ndiye aliyetuokoa. "Tawi si mti," alisema, na jambo hilo likaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kama uamuzi.

Sasa, tawi la nini? Kwa sisi tuliolelewa Kiambu, Krismasi ina harufu moja tu, ya saipresi iliyokatwa asubuhi. Mti wenyewe ni mgeni kutoka Mexico, lakini umekaa katika nyua zetu hadi ukapata ujamaa. Hata wale vidukari walioingia nchini mwaka 1990 na kukausha nyua za watu vijiji kwa vijiji hawakuufukuza. Shida ni kwamba Membley ilikuwa mashamba ya kahawa, na kahawa ilipong'olewa zikaja kuta za mawe na nyaya za umeme juu. Katika mtaa wote nilipata ua mmoja tu wa saipresi, na ulikuwa wa shosho mmoja mwenye nyumba karibu na geti.

Nilimwendea na kilo mbili za sukari. Akakubali, mradi tukate juu kidogo tu na tuuache ua umelingana. Fundi wa msumeno nilimweleza vilevile, nikaenda zangu kutafuta kamba. Niliporudi, ua ulikuwa umelingana kweli. Ulikuwa umelingana na magoti yangu. Kutoka getini uliweza kuona sufuria jikoni mwa shosho na kujua anapika nini. Yeye alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akatutazama sisi na barabara nzima nyuma yetu.

"Haidhuru, mwanangu," aliniambia. "Sasa nawaona nyote."

Kuna wanaume wa mtaa huu ambao hadi leo hawajanisamehe, maana tangu siku hiyo saa zao za kurudi nyumbani zinajulikana.

Korti saba, matawi saba. Au ndivyo tulivyopanga. Korti ya Kwanza walikuja na mti wa plastiki wa Kamukunji wakisema wao ni watunza mazingira. Korti ya Sita, ambao kamati yao ilikuwa ya wanaume watupu, walitundika vizibo vya soda na vya vinywaji vingine. Watoto wa Korti ya Tatu ndio waliofanya kazi: jioni mbili mfululizo walitunga bisi kwenye uzi, moja moja, wakila moja kwa kila tatu, hadi mti ukavaa mashada. Wengine tulifuata mila tuliyozaliwa nayo, yaani pamba ya hospitali iwe theluji, karatasi ya choo iwe utepe, na mabaluni juu. Lakini mwaka huo mvua za El Niño hazikuwa na habari za theluji. Zilinyesha usiku, na asubuhi pamba ilikuwa inaning'inia kama uji uliokataliwa na mtoto.

Mlinzi wetu naye aliomba nafasi. Alikuja na tawi la mbuni lililochipuka nyuma ya ukuta kutoka kisiki cha shamba la zamani, limejaa buni nyekundu zilizoiva. Aliniambia ni Ruiru 11, ile aina iliyozaliwa hapa kwetu kwenye kituo cha utafiti wa kahawa na kutolewa kwa wakulima mwaka 1985. Hakulitundikia kitu. Kwangu mimi lilikuwa zuri kuliko yote, lakini waamuzi wa mapambo walisema halijapambwa.

Mazoezi ya taa tuliyafanya Jumapili usiku, tarehe 10 Desemba. Fundi wa stima aliunganisha nyaya, watoto wakaanza kuhesabu kurudi nyuma. Kumi, tisa, nane. Walipofika tatu, giza. Si miti tu, mtaa mzima. Yule fundi alishambuliwa kwa maneno ambayo siwezi kuyaweka kwenye kumbukumbu za kikao. Mwenyekiti alitaka arudishe malipo ya awali, tena pale pale, kwa tochi ya simu. Kisha simu zikaanza kulia: Thika hakuna stima. Mombasa hakuna. Ilikuwa nchi nzima. Fundi akakunja nyaya zake bila haraka, huku mtoto mmoja akimuuliza mamaye kwa hofu kama ni sisi tuliozima Kenya.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya tarehe 16, na hapa nakiri kosa ambalo ni langu peke yangu. Katikati ya Desemba hakuna mtu Membley. Walio na uwezo wameshafika ushago, na waliobaki wanahesabu nauli. Tulipata watu 61 kwa kiingilio cha shilingi 200, wengi wao wakiwa wazazi wa wale watoto wa bisi.

Emsii akaanzisha mnada kwa shilingi 5,000. Kimya. Akashuka 3,000. Mzee mmoja akauliza kama mti una mizizi. Akaambiwa hauna. "Basi nitaupeleka wapi?" akasema. "Kesho naenda ushago, na ushago ni msitu." Kicheko kilichofuata kiliua bei kabisa. Matawi yote kwa jumla yalileta 4,300, na kati ya hizo, mia tatu nilitoa mimi kwa aibu.

Hapo ndipo tukasikia watoto wakipiga mayowe. Mwenyekiti alikuwa amemfunga mbuzi wake nyuma ya hema, mbuzi wa kwenda naye kwao Nyeri Jumatatu. Kamba ilikuwa ndefu kuliko alivyodhani. Mti wa Korti ya Tatu ulikuwa umebaki kijiti. Bisi zote, uzi, na utepe mwekundu wa juu vilikuwa safarini tumboni.

Emsii alikuwa mtu wa kanisa, anazijua harambee. Aliutazama umati, akamtazama mbuzi. "Na huyu mwenye Krismasi ndani? Nani anaanza?"

Watu walifufuka. Wa kwanza alimnunua 6,000, akamrudisha mezani anadiwe tena, kama desturi ya harambee. Wa pili 7,500, akamrudisha. Wa tatu 9,000, akamrudisha huku akimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa ameshawaambia wa nyumbani kwao wanoe visu. Alisimama, akajikuna shingo, akamnunua mbuzi wake mwenyewe kwa shilingi 11,500, na kwa sauti niliyoisikia mimi tu akasema kwamba huyu harudishwi.

Jumla 50,500. Godoro moja lilikuwa 2,500, kwa hiyo yalitoka 20, na zile mia tano zilizobaki zilijadiliwa kwenye kundi la WhatsApp hadi katikati ya Januari.

Jumatatu alfajiri niliwaona wakimpakia mbuzi nyuma ya Probox. Kipande cha utepe mwekundu kilikuwa kinamchungulia pembeni mwa mdomo. Mwenyekiti alifunga mlango taratibu, asiamshe mtu.

"Mwenyekiti," sauti ikatoka juu ya ua uliolingana, "ndiye huyo wa elfu kumi na moja na nusu?"