Rangi Mwisho: Mwongozo wa Kufufua Peugeot 504 Uani

Hongera, umeburuta Peugeot 504 hadi nyumbani. Kuku waliotaga kwenye kiti cha nyuma wamehamishwa, gari liko juu ya mawe, na mkono unakuwasha kushika bunduki ya rangi. Tulia kwanza. Gari hili lilizinduliwa 1968, likawa Gari la Mwaka la Ulaya 1969, na 1975 Ove Andersson akashinda nalo Safari Rally. Lile la safu tatu za viti lilibeba abiria wa masafa marefu kote Kenya. Mzee mwenye historia hii hupimwa afya kabla ya kupakwa wanja.

1. Tangaza nyumbani

Kabla ya kuonana na fundi, onana na mwenzako. Mweleze ukweli kuhusu pesa, kelele za Jumamosi na harufu ya thina itakayofika hadi kwenye wali. Sufuria zake zisiguswe. Tafuta mkebe wako wa kuoshea vipuri. Amani ya nyumba ndiyo spea ya kwanza, na haiuzwi Kirinyaga Road wala Gerezani.

2. Wape majirani kazi

Watakuja, na kila mmoja atataja ugonjwa kabla boneti halijafunguliwa. Usiwafukuze. Mmoja ashike tochi, mwingine apange nati kwenye mikebe yenye majina, wa tatu apige picha kila waya kabla haujachomolewa. Mwenye maneno mengi kuliko wote mkalishe kwenye usukani: utamhitaji akanyage kanyagio ukitoa hewa kwenye breki.

3. Breki kabla ya injini

Injini ikigoma, utalala kwako salama. Breki zikigoma, hakuna anayejua utalala wapi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Yakizeeka huchemka mapema na kanyagio huzama ghafla. Mwaga yote, badilisha raba za silinda na hozi. Mafuta hayohayo hubandua rangi yakidondoka kwenye bodi, kwa hiyo aliyeanza na rangi atapaka mara mbili. Na usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Weka stendi, hata kama jirani anaapa kwamba jeki yake haijawahi kuteleza.

4. Usiizungushe injini iliyovuliwa kichwa

Pistoni za 504 ya petroli hupanda na kushuka ndani ya slivu zinazochomoka, zilizozungukwa na maji. Ni neema kwa fundi wa nyumbani: slivu ikichakaa unaing'oa na kuweka mpya bila kuchonga bloku. Lakini kichwa kikishatoka, zifunge slivu zisicheze. Ukizungusha injini zikainuka, sili za chini huharibika, maji huingia kwenye oili, na kazi ya wikendi inakuwa ya msimu mzima.

5. Pati si bati

Inua mazulia. Chunguza sakafu, matao ya magurudumu na chini ya milango. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia, lililooza hunyamaza. Kata kutu mpaka ufikie chuma safi, kisha chomelea bati jipya. Pati ni ya kusawazisha milimita chache tu, si ya kuziba tundu linalopitisha ngumi. Isugue ikiwa kavu, maana hunyonya maji na kuyahifadhi juu ya chuma. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa gari kifo hicho huja na masika ya kwanza.

6. Sasa, rangi

Msasa namba 80 kwa pati, kisha 180, praima, halafu 400 kwa maji. Futa grisi yote. Ukiwa pwani, subiri unyevu wa alfajiri uondoke, la sivyo rangi ya selulosi itapata ukungu mweupe. Mwagia sakafu maji ili vumbi litulie, na wafungie kuku. Puliza matabaka membamba, kila mpigo ufunike nusu ya uliotangulia. Tabaka nene huchuruzika. Rangi za kuchanganya na hadina nyingi zina isosianati, kemikali inayoweza kukuletea pumu, na barakoa ya kitambaa haiizuii. Hizo mpelekee mpakaji mwenye chumba maalumu na vifaa vya kupumulia.

Jirani atauliza kwa nini umechelewesha sehemu tamu. Mjibu waziwazi: rangi inayong'aa humwambia abiria kwamba gari ni zima. Hakikisha ni kweli kabla hujaipuliza, kwa sababu siku ya kwanza watakaogombania kiti cha mbele ni watoto wako.