Kidonda cha Thenashara

Ujumbe wa sauti uliingia baada ya Isha, tuko mkekani tunakula. Shangazi alikuwa Maskati kwa binti yake, na tumbo lilikuwa likimwamsha usiku. "Wamenitia mpira wa kamera kooni," alisema. "Nina kidonda cha thenashara. Mwambieni mama asihangaike."

Bibi akalirudisha tonge sahanini. "Cha thenashara! Na vile kumi na kimoja vya mwanzo alivificha wapi?"

Hakuna aliyecheka. Mtoto wa tatu ametanguliwa na wawili, na thenashara ni kumi na mbili ya wazee wetu. Kwa Kiswahili, Bibi hakukosea popote.

Kufika asubuhi mtaa mzima ulikuwa na hesabu. Jirani mmoja kaleta mshubiri, mwengine kabichi tatu kubwa, kwani kabichi, alisema, hufunika vidonda hata vikiwa ishirini. Pilipili ikapigwa marufuku nyumbani, achari ya embe ikafungiwa kabatini, ufunguo ukaning'inia shingoni mwa Bibi. Urojo ulipikwa bila ukwaju, jambo ambalo sitaki kulieleza zaidi. Baba akaanza kuchelewa kurudi jioni. Tulijua anapitia kula Forodhani.

Mimi nikapewa brenda. Nilisaga kabichi, nikachuja kwa kitambaa, nikajaza madumu mawili na kuyatia frijini kumngojea mgonjwa. Siku ya tatu ukifungua friji, hata maziwa yalikuwa yananuka kabichi.

Mgonjwa akashuka uwanja wa ndege na mashavu yake yote. Mkobani alikuwa na ripoti ya Kiarabu yenye mchoro wa matumbo. Ami, aliyefika mbali chuoni, akavaa miwani na kufuata mchoro kwa kidole. "Ithnaashari. Hii hapa thenashara yenu." Kidole kikateremka. "Na huyu wa chini yake ni saaim, mwenye kufunga."

"Si mnaona!" Bibi akadakia. "Daktari kamwandikia afunge." Sinia ya mchana ikaondolewa mbele ya shangazi, mkono wake ukibaki hewani.

Aliyemuokoa ni dada, anayesomea uuguzi. Hakuna aliyeandikiwa kufunga, alisema. Hayo ni majina. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita kama sita, na kipande chake cha kwanza, chakula kikitoka tu tumboni, ndicho hospitali zetu hukiita duodeni. Herophilus, tabibu wa Kigiriki aliyepasua maiti Iskandaria kiasi cha miaka 2,300 iliyopita, alikipima kwa upana wa vidole akapata kumi na viwili. Waarabu na Walatini wakaifuata hesabu hiyo, kila mmoja kwa lugha yake. Kipande kinachofuata wapasuaji walikuwa wakikikuta kitupu ndani ya maiti, wakakiita mwenye kufunga. Kidonda cha shangazi kiko kwenye thenashara. Nacho ni kimoja.

Bibi hakukubali kwa mdomo tu. Alimlaza shangazi mkekani, akapanga vidole juu ya kitovu, kimoja ubavuni mwa chenziwe, kucha zina hina iliyofifia. Vilipofika kumi vikamwishia. "Lete viwili," akaniambia. Nikaongeza vyangu. Ilikuwa shibiri moja na kitu. Shangazi akaangua kicheko, vidole vyote thenashara vikapanda na kushuka.

"Basi ni pilipili," Bibi akasema, bila kuviondoa.

Dada akasema si pilipili. Mara nyingi ni bakteria, au dawa za maumivu, na shangazi alikuwa akizimeza kila siku kwa ajili ya magoti. Habari ya bakteria watu waliikataa, hata mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, akawanywa mwenyewe makusudi, tumbo likamvimba na akatapika. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel.

"Kawanywa?" Bibi akauliza. "Kwao hana mama?"

Baba alikwisha kunyoosha mkono kuomba ufunguo wa kabati. Dada aliposema shangazi amalize kwanza siku zake kumi na nne za dawa, yeye alikuwa keshafungua chupa ya achari.

Madumu ya kabichi tuliyamwaga usiku, jirani asituone. Na mtu akija kuulizia hali, Bibi humjibu kabla hatujafungua mdomo: "Alhamdulillahi. Kumi na kimoja vimepona, kimebaki kimoja."