Namna ya Kuitoa Video Kwenye Ukungu

Bando limejaa, laptopu iko mezani, mwalimu wa YouTube anaanza kufafanua logarithimu. Ubao ni ukungu, chaki ni ukungu, na ile 3 kwenye mstari wa pili inafanana kabisa na 8. Usivumilie. Ukiandika 8 mahali pa 3, hesabu yote imekwenda na maji.

Video ya YouTube hukatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande huwekwa kwa viwango kadhaa vya ubora, kuanzia 144p kwenda juu. Kichezaji hupima kasi ya mtandao, kisha huomba kipande kinachoweza kufika kwa wakati. Mtandao ukiyumba kidogo tu, kinakushushia picha bila kukuuliza. Unabonyeza alama ya gia, unapandisha ubora. Kesho unarudia yale yale. Kazi hiyo iachie skripti, programu ndogo inayofanya kazi ndani ya kivinjari.

Ujanja wa kulazimisha ubora ni wa zamani. Mwaka 2008 watu walikuwa wakibandika &fmt=18 mwishoni mwa anwani ya video ili wapate picha safi zaidi. Waliochoka kubandika walitumia skripti za Greasemonkey, kiendelezi cha Firefox alichokianzisha Aaron Boodman, zikawabandikia.

Siku hizi weka kwenye kivinjari kiendelezi cha kuendeshea skripti, Tampermonkey au Violentmonkey, kisha tafuta skripti ya kuchagua ubora. Faili lake huishia na .user.js. Hapo shika breki. Lifungue ulisome, hata kama hujui kuandika programu, maana mistari ya juu kabisa inasomeka. Tafuta @match: inakuambia skripti itaingia kurasa zipi. Ikitaja youtube.com peke yake, sawa. Ukikuta *://*/* ujue inataka kuingia kila ukurasa unaoufungua, wa benki na wa barua pepe pia. Fundi uliyemwita asafishe kioo cha sebuleni anatafuta nini kwenye kabati la chumbani? Mfukuze.

Sasa ipangie skripti kikomo cha ubora, na hapa ndipo wengi wanapojimaliza. Picha ya 1080p ina nukta 2,073,600. Ya 360p ina 230,400. Ni mara 9 kamili, na saa moja ya 1080p inaweza kumeza zaidi ya GB 1. Laptopu nyingi za bei nafuu zina kioo cha 1366 kwa 768, kwa hiyo hata hizo nukta za 1080p hazienei. Kudai 4K hapo ni kununua gunia la mchele ukaupike kwenye sufuria ya chai. Weka 720p: ubao utasomeka, na ukitazama soka, mpira hautapotea kwenye nyasi winga anapopiga krosi. Kwa hotuba na mahubiri, shusha hadi 144p, unasikiliza, hutazami.

Video iliyopakiwa kwa 240p itabaki hivyo hivyo, skripti haina dawa yake. Na mtandao ukiwa dhaifu, kulazimisha ubora kutakuletea kile kiduara kinachozunguka.

Kama tayari una skripti uliyoiweka bila kuisoma, ifungue leo kabla hujaingia benki mtandaoni. Itazame @match yake. Ikiwa inadai kurasa zote, ifute.