Kompyuta Yenye Umbea

Hapa Kalangalala, geti humsema mwenye nyumba kabla hujamwona. Zamani nondo za kusokotwa zilitosha. Siku hizi mtu akibahatika duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, iwe Nyarugusu au Rwamgasa, anataka geti la CNC: pleti nzima iliyokatwa maua, simba wawili na jina la ukoo. Ndiyo maana karakana yetu ya kuchomelea ililetewa meza ya kukatia vyuma kwa plazima, inayoongozwa na kompyuta. Mimi, kwa kosa la kujua kuchapa barua, nikakabidhiwa programu yake.

Kazi ya programu ni kugeuza mchoro kuwa amri: M03 washa, G01 nyoosha, M05 zima. Babu wa mashine hizi alioneshwa hadharani pale MIT, Marekani, mwaka 1952, akisoma amri kwenye utepe wa karatasi wenye matundu. Tangu hapo ukoo mzima haujajifunza kukisia. Fundi wa kawaida ukimwambia, "Nifanyie kama lile la jirani, ila langu lizidi," anaelewa. Programu inataka namba.

Na namba zenyewe zina vituko. Mama mmoja alituletea mchoro uliochorwa na mpwa wake anayesoma Mwanza: ua la kukaa katikati ya geti, upana 40. Kijana alikuwa na maana ya inchi. Programu ikaelewa milimita. Kwenye kioo cha kompyuta ua lilijaa vizuri kabisa, maana kioo hukuza chochote unachokipa. Fundi mkuu akabonyeza. Moto ukawaka, ukazima kabla hajamaliza kuvaa miwani. Kilichodondoka kilizidi kidogo kifuniko cha soda, petali zote zimeungana kwa joto. Mama akalitazama kwenye kiganja. "Baba, hili ni la geti au la sikio?"

Tukasahihisha vipimo, tukahamia kwenye maandishi ya KARIBU. Mpwa hakuacha vidaraja vya kushikilia sehemu za ndani ya herufi. Moto ulipomaliza kuzunguka, tumbo la A likaanguka, la R likafuata, B akapoteza yote mawili. Fundi mkuu aliyaokota sakafuni na kuyarudisha kwa kuchomelea, moja baada ya jingine, huku akiiuliza kompyuta kama na yenyewe ina mama.

Umeme nao ukikatika katikati ya simba, hilo ni tatizo la siku nzima. Ukirudi, meza yetu imesahau ilikuwa wapi. Usipoirudisha kwenye sifuri yake kwa uangalifu, inaendelea na mkia mahali penye pua. Grenda haina kumbukumbu, lakini pia haijawahi kupotea.

Hayo yote fundi mkuu angeyasamehe. Asichosamehe ni umbea.

Kabla ya kukata, programu huonesha muda wa kazi. Mteja akisimama nyuma yangu anasoma mwenyewe: dakika 14. Miaka yote kazi ya dakika 14 kwetu ilikuwa "njoo kesho jioni", na kesho jioni ilikuwa mwanzo tu wa mazungumzo. Sasa mteja anavuta stuli, anakaa.

Kisha programu hupanga vipande kwenye shiti ya milimita 2,440 kwa 1,220, ikivigeuza na kuvibananisha, mpaka kinachobaki kinaonekana wazi upande mmoja. Masalio ndiyo yaliyokuwa posho ya fundi. Majiko mengi ya mtaani yalizaliwa humo. Siku hizi mteja ananyoosha kidole kwenye kioo: "Na hicho nitaondoka nacho."

Lakini umbea huohuo ndio unaotulisha. Mwenye karasha la kusagia mawe alikuja na flenji ya pampu iliyopasuka, yenye matundu 8. Kwa bikari na senta panchi, matundu 7 hukubali bolti na la 8 hukubali nyundo. Programu iligawa duara kwa nyuzi 45, ikakata. Bolti zote zikaingia kwa vidole. Fundi mkuu, kwa mazoea, alikuwa ameshainua nyundo; akabaki nayo hewani kama mtu aliyenyimwa neno mkutanoni. Mwenye karasha akaagiza nyingine tatu bila hata kuomba punguzo, maana muda na chuma alivihesabu mwenyewe kwenye kioo, hakukuwa na cha kubishania.

Wiki iliyopita fundi mkuu alipata dawa. Alitaka kuwahi mpira, mteja akaingia na kazi. Akakunja uso kwa huzuni ya mtu wa benki: "Mzee wangu, mfumo uko chini." Mteja akavuta stuli. "Basi nitausubiri uamke."